Nakala Iliyokataa Kuamka

Nchi yetu sitaitaja jina. Sheria inataka kila jina lake likitajwa wote waliosikia wasimame na kuimba beti mbili za wimbo wa taifa, na najua wengine mnasoma haya mkiwa mmelala. Sitaki kuwasumbua.

Mimi nilikuwa karani wa dirisha namba nne katika Idara ya Walio Hai na Wasio Hai, iliyo chini ya Wizara ya Kumbukumbu. Nasema hivyo ili mjue kwamba yote nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa yale yaliyotokea saa za chai.

Idara yetu ilikuwa na kompyuta moja. Ilikaa katika chumba chake peke yake, chenye kipoza hewa na zulia, wakati sisi makarani kumi na wawili tulijipepea kwa mafaili. Hatukuona ubaya. Kompyuta ile ilijua majina ya raia wote. Mtoto hakuhesabiwa kuwa amezaliwa mpaka ikubali, na mtu akifariki aliendelea kuwa hai, pamoja na wajibu wake wote wa kuhudhuria mikutano ya hadhara, mpaka ikubali vilevile.

Aliyeitunza alikuwa fundi aliyeitwa Sijaona Kilindo, mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, sauti yake ya chini kama ya mtu anayesoma maelezo ya dawa. Pale wizarani kila mtu alikuwa na vyeo visivyopungua viwili, ila yeye hakuwa na hata kimoja. Alikuwa na tabia ya kusema jambo kama lilivyo, na tabia hiyo ilikuwa imemchelewesha kwa miaka kumi na tisa.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo, diski ya kompyuta ilianza kulia. Diski ni kile kisanduku kidogo cha chuma ndani ya mashine kinachohifadhi kila kitu, na hiyo yetu ilikuwa kuukuu. Ililia ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Sijaona aliandika barua akieleza kwamba diski inakaribia kufa, na kwamba inafaa inakiliwe kwenye diski mpya kabla majina ya taifa zima hayajapotea. Wizara ilijibu baada ya wiki sita. Ilitaka kujua kama sauti hiyo ni ya malalamiko au ya pongezi.

Aliandika tena, na mara hii barua ilimfikia Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Malibora Kisonge. Alikuwa profesa wa nini, hakuna aliyewahi kumuuliza, naye hakuwahi kulizungumzia. Waziri alilipokea jambo hilo kwa moyo wote. Sijaona alikuwa ameomba asubuhi moja, diski mpya moja na bisibisi. Akapewa Kamati ya Taifa ya Kunakili yenye wajumbe thelathini na mmoja, kikundi cha ngoma, na hema.

Siku ya kunakili, Sijaona aliwaonyesha wajumbe kwenye skrini kwamba diski ya zamani ina sehemu mbili. Kulikuwa na sehemu kubwa, yenye majina ya raia na programu zote. Na mwanzoni kabisa kulikuwa na sehemu ndogo sana, kipande tu, isiyo na jina la mtu yeyote. Akasema zote mbili zinakiliwe, hasa ile ndogo.

Waziri alimuuliza ile ndogo ina nini ndani yake. Sijaona akamweleza kwamba ina maelekezo ambayo kompyuta huyasoma kwanza ikiwashwa, ili ijue mengine yote yako wapi na yaanze vipi. Waziri akauliza ina raia wangapi. Akajibiwa kwamba haina raia hata mmoja.

"Hatuwezi kutumia shughuli ya kitaifa kunakili mahali pasipo na raia," akasema Waziri, na kamati ikapiga makofi. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia hemani, na nadhani hilo nalo lilichangia.

Basi ikanakiliwa sehemu kubwa peke yake. Ile diski ya zamani Waziri aliichomoa kwa mkono wake mwenyewe, amevaa glavu nyeupe, akailaza kwenye mto wa mahameli. Ilipelekwa Uwanja wa Mashujaa huku ngoma zikilia, na huko ikazikwa ndani ya zege la mnara mpya ili vizazi vijavyo vije kuitazama. Haikuonekana kwa nje, lakini tuliambiwa kuitazama si lazima kuiona.

Waliporudi, Sijaona aliifunga diski mpya mahali pa ile ya zamani, na Waziri akabonyeza kitufe cha kuwashia. Skrini ilibaki nyeusi. Juu, kwenye kona, kulikuwa na mstari mmoja mwembamba uliosema kwamba hakuna diski ya kuwashia iliyopatikana.

Tulisubiri kujua tumeona nini. Waziri ndiye aliyetusaidia.

"Ndugu wananchi," alisema, "tazameni utulivu huo. Ile ya zamani ilikuwa na kelele."

Makofi yalikuwa marefu. Sijaona alingoja yaishe, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba majina yote yamo ndani salama, lakini kompyuta haijawaka, kwa sababu nakala haina pa kuanzia. Waziri hakukasirika. Alimpa kalamu na karatasi iliyoitwa Hati ya Kuwaka, ambayo fundi alitakiwa asaini kuthibitisha kwamba kazi imekamilika. Sijaona aliisoma mbele, akaigeuza akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Akarudisha kalamu.

"Ikiwaka nitasaini," akasema.

Kufikia saa nane mchana alikuwa amehamishiwa Kitengo cha Nyasi, yaani bustani iliyo nyuma ya wizara, na kukabidhiwa mpira wa maji. Chumba cha kompyuta kilifungwa, kikapigwa lakiri ya serikali, na akawekwa askari mlangoni. Siku tatu baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwaka. Sheria hiyo ilikuwa fupi na ya wazi: kompyuta ya Idara imewaka, na yeyote atakayesema vinginevyo mbele ya dirisha la serikali ametenda kosa.

Mimi naipenda sheria iliyo wazi. Kesho yake sisi makarani tulikaa kwenye skrini zetu ndogo, ambazo zote zilikuwa nyeusi kwa kuwa zilitegemea ile kubwa, tukahudumia wananchi. Mtu alinipa jina lake, nikaandika kwenye weusi, nikamwambia, "Umeandikwa, cheti kitakuja." Wiki ya kwanza niliandika majina kwa ukamilifu, herufi kwa herufi. Wiki ya pili niliandika chochote kile. Wiki ya tatu nililaza vidole tu kwenye vitufe, nikaona kazi inakwenda vilevile, na malalamiko yalipungua kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuyaandika.

Hapo ndipo Mzee Feruzi Mwinchande alipofika dirishani kwangu.

Mzee Feruzi alikuwa fundi saa mstaafu, mwembamba, nadhifu, na kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali alikuwa amefariki mwaka mmoja uliopita. Ilitokea hivi. Alikuja kuandikisha kifo cha kaka yake. Karani aliyempokea aliliandika jina la mleta taarifa kwenye nafasi ya marehemu, na jina la marehemu kwenye nafasi ya mleta taarifa. Sitasema karani huyo ni nani, ila dirisha lilikuwa namba nne.

Tangu siku hiyo mzee wa watu alikuwa hana kitambulisho wala kura. Kufuta kifo ni jambo linalowezekana katika nchi yetu, lakini marehemu hutakiwa afike mwenyewe, pamoja na mashahidi wawili wasiohudhuria mazishi. Alikuwa ametimiza yote hayo wiki ileile tulipoanza kunakili. Sasa alikuja asubuhi tatu za kazi mfululizo, akaketi kwenye benchi amevaa kanzu safi, na askari wa mlangoni wakazoea kumsalimu, "Shikamoo, marehemu," naye akaitikia marahaba bila kununa.

Asubuhi ya tatu, ambayo ilikuwa Jumanne, alisogea karibu na kioo cha dirisha langu.

"Mwanangu, sikuja kukulaumu," alisema. "Mke wangu ana uvimbe tumboni. Daktari atampasua Alhamisi saa sita mchana, na hospitali inataka sahihi ya mume aliye hai. Nifanyie niwe hai mpaka Alhamisi. Baada ya hapo mnaweza kuendelea."

Nilifanya nilichokuwa nikifanya. Niliandika jina lake kwenye weusi, safari hii herufi kwa herufi, nikamwambia ameandikwa. Akaomba aone. Nikamgeuzia skrini. Aliinama, akatazama ndani yake kwa muda mrefu, akiuona uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi.

"Namwona," akasema. "Lakini hana cheti."

Siku hiyo saa ya chakula nilishindwa kumaliza sahani ya pili. Nikadhani ni homa. Nilipoona haiondoki nilimchukua Mzee Feruzi kwa mkono, nikampitisha mlango wa nyuma hadi bustanini, ambako Sijaona alikuwa akimwagilia maua. Alifunga maji, akamsikiliza mzee mpaka mwisho, akamuuliza jina la mkewe. Aliitwa Bi. Kibibi. Kisha akatueleza kwamba kazi yenyewe haifiki saa moja. Majina yapo, nakala ni nzima, imekosa ile sehemu ndogo tu, na hiyo inaweza kutengenezwa upya bila kubomoa mnara wa mtu yeyote. Shida ilikuwa lakiri na askari.

Mzee Feruzi alisema basi yeye atasubiri pale kwenye nyasi. Sijaona akamletea ndoo aikalie.

Sitaki mdhani kwamba serikali yetu haiguswi na shida za watu. Jumatano mchana iliguswa. Ilifika barua kutoka kwa Kiongozi wetu, ikimkumbusha Waziri kwamba kesho yake jioni Kiongozi angetimiza miaka sitini, kama alivyofanya kila mwaka kwa miaka sita iliyopita, na kwamba wageni wa nchi za nje wangekuwepo. Safari hii alipenda akabidhiwe mbele yao Cheti cha Uhai kilichochapishwa na mashine mpya.

Waziri alisoma barua hiyo amesimama, akaisoma tena amekaa. Halafu tulimwona akivuka bustani peke yake, viatu vyake vinavyong'aa vikizama kwenye udongo uliotoka kumwagiliwa. Alimwambia Sijaona kwamba kompyuta imewaka, kama ajuavyo kila raia mtii, ila wizara ingependa iwake zaidi.

Sijaona akasema ana masharti mawili. La kwanza, asione kamati. La pili, cheti cha kwanza kutoka kiwe cha huyu mzee aliyekaa kwenye ndoo. Waziri alikubali la pili kabla hajamtazama mzee, akasumbuka kidogo kwenye la kwanza, kisha akakubali yote, mradi tu kazi hiyo isiitwe matengenezo, kwa kuwa kitu kilichowaka kisheria hakitengenezwi.

"Tutaiita kufuta vumbi," akasema Sijaona.

Alhamisi saa mbili asubuhi Waziri alivunja lakiri kwa kisu cha kufungulia barua. Tuliingia wanne: yeye, Sijaona, Mzee Feruzi, na mimi niliyebeba kitambaa cha vumbi ili tusiwe waongo. Sijaona alichomeka diski yake ya uokoaji, ile ambayo fundi hukaa nayo kwa siku za namna hii, akaiamsha kompyuta kwa kuichagua hiyo kwa mkono, mara hiyo moja tu. Akatuonyesha: ndani ya nakala kulikuwa na sehemu moja tu, kubwa, imejaa majina. Aliipunguza kidogo, akatenga kipande kidogo, akakitia alama kwamba hapa ndipo pa kuanzia, kisha akaandika ndani yake maelekezo ya kuamsha mfumo. Hayo yote yalichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa, kama kahawa ingekuwepo.

Akaizima, akaiwasha. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari uleule ukarudi.

Waziri alikaa chini kwenye zulia. Mzee Feruzi alitazama saa yake ya mkononi, ambayo ilikuwa sahihi sana. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Sijaona alivua miwani, akaifuta, akafikiri. Halafu akaiwasha tena na kubonyeza kitufe kimoja mfululizo mpaka ukatokea ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe. Hapo palikuwa na orodha. Alitueleza kwamba kompyuta ikiamka huuliza kila kifaa kwa zamu kama kina pa kuanzia, na inafuata orodha hii. Namba moja ilikuwa diski ya zamani, iliyo ndani ya zege. Namba mbili kilikuwa kifaa cha kusomea visahani vya CD ambacho wizara iliking'oa zamani. Diski mpya haikuwemo kabisa.

Alipotaka kuiweka diski mpya namba moja, Waziri alimshika mkono. Alisema kupanga nani awe wa kwanza ni suala la itifaki, na diski ya zamani ni shujaa wa taifa. Sijaona akamuuliza kwa upole shujaa huyo ataitikia lini. Waziri akaachia mkono.

Safari hii weusi ulikaa kidogo, ukapepesa, ukaja mwanga wa buluu. Kisha pakatokea nembo ya taifa, na chini yake maneno tuliyokuwa hatujayaona kwa mwezi mzima: Idara ya Walio Hai na Wasio Hai, Karibu. Kule nje makarani walipiga kelele kwa mshtuko, maana skrini zao zote ziliwaka kwa pamoja na wengine walikuwa wameweka vidole kwenye vitufe.

Nikalitafuta jina la Feruzi Mwinchande. Lilikuwepo. Marehemu.

Kumrudisha kulihitaji sahihi tatu: ya Mkurugenzi, ya Mganga wa Idara, na ya karani aliyeandikisha kifo. Mkurugenzi alikuwa kwenye semina. Mganga alikuwa kwenye semina hiyohiyo. Waziri alisema kwa masikitiko kwamba basi hakuna namna, tuanze na cheti cha Kiongozi. Sijaona aliondoa tu mkono wake kwenye kibodi na kuuweka pajani.

Sijawahi kuvunja utaratibu maishani mwangu, na hata siku hiyo sina hakika kama nilivunja au ulinivunjikia mikononi. Nilimgeukia Mzee Feruzi.

"Nilikosea mimi," nikamwambia. "Dirisha namba nne ni mimi."

"Najua," akasema. "Mwandiko wako nauona kila siku kwenye cheti changu cha kifo. Saini."

Nilisaini ya kwangu kwa jina langu, na zile mbili nikazisaini kwa imani. Nikapiga muhuri. Mashine ikachapa cheti kikiwa bado cha moto, na Mzee Feruzi akakikunja mara moja, akakitia mfukoni mwa kanzu, akatoka. Yule askari wa mlangoni alifungua mdomo kumsalimu kama kawaida, akaufunga. Ilikuwa saa nne na nusu.

Cheti cha Kiongozi kilitoka baada ya hapo. Mashine, isiyojua itifaki, ilikuwa imeandika mwaka wake wa kuzaliwa ule uliomo katika kumbukumbu, na tulipopiga hesabu tukapata themanini na mbili. Waziri alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Kisha akakitia ndani ya bahasha ya dhahabu, akaifunga kwa lakiri tatu. Jioni ile aliikabidhi mbele ya wageni, Kiongozi akaiinua juu, wageni wakasimama na kupiga makofi, na hadi leo haijafunguliwa.

Waziri alitunukiwa Nishani ya Kuwaka, Daraja la Kwanza. Sijaona alisaini Hati yake, kama alivyoahidi, na akaandika tarehe ya kweli, jambo lililofanya hati hiyo iwekwe mahali salama sana. Alibaki Kitengo cha Nyasi, kwa sababu kumrudisha kungemaanisha kwamba aliondolewa kwa kosa. Lakini kila asubuhi hupita na kitambaa kufuta vumbi, na amenakili diski yote, kubwa na ndogo, mara mbili, bila hema.

Kama wiki tano baadaye Mzee Feruzi alikuja dirishani na mwanamke mfupi, mnene, anayetembea polepole akishika ubavu. Alikuwa Bi. Kibibi. Uvimbe ulikuwa umetolewa wote, na daktari alimruhusu atembee kiasi, naye akachagua kuutumia mwendo huo kuja kutuona. Nilimwita Sijaona kutoka bustanini. Bi. Kibibi alimshika mikono yote miwili, akamshukuru, akamwombea, na Sijaona akatazama viatu vyake vyenye udongo kwa sababu hakuzoea.

Kisha Bi. Kibibi akainamia dirisha langu na kuniuliza kwa sauti ndogo, ili mumewe asisikie, kama utaratibu unaruhusu mtu kurudishwa umarehemu, hata kwa siku mojamoja.

Nikamuuliza kwa nini.

"Alipokuwa amekufa hakuwa na pa kwenda, akawa anaosha vyombo," akasema. "Tangu mmemfufua, kila siku ana kikao."